Alama ya Vema

Nilikwenda Chanika kufuata tarehe tu.
Watu wa mafao wanasema nimezaliwa mara mbili:
kadi moja sitini na sita, nyingine sitini na nane,
na serikali humstaafisha mtu mara moja.
"Rudi shule uliyosoma," akasema binti wa dirishani
bila kuinua macho. "Daftari la shule halisemi uongo."

Shule sikuiona. Niliona ghorofa rangi ya maziwa,
lango la chuma, na mlinzi aliyeniuliza
mjukuu wangu yuko darasa la ngapi.
Palipokuwa na shamba letu la mihogo wanauza mabati.
Rimu ya lori bado inaning'inia, ila hawaigongi;
kengele siku hizi ni ya umeme,
inalia kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni.

Sisi tuliitikia rimu: ngo, ngo, na umande miguuni,
fagio la chelewa kwapani, ukuni kichwani,
mchakamchaka hadi korongoni na kurudi,
Pazi mbele, mimi nyuma,
Sikudhani katikati na kiatu kimoja
(cha pili kilikuwa cha dada yake, zamu ya mchana).

Darasa la nne tulikuwa sabini na watatu.
Madawati kumi na moja. Waliobaki, matofali.
Ubao tuliupaka kila Ijumaa makaa ya betri kuukuu
yaliyotwangwa na majani ya matembele,
na mbele ya weusi ule alisimama Mwalimu Namsifu Mbaga,
aliyeshuka kutoka Upare na sanduku la bati
na kikohozi ambacho joto la Pwani halikukiweza.

Nami nisiseme uongo: alichapa.
Fimbo yake ya mpera aliiita Bwana Jibu.
Ukikosa saba mara nane, Bwana Jibu anajibu.
Pazi sasa ana ndevu nyeupe, ana duka la saruji,
na ukimtajia saba mara nane anaficha viganja.
Wanaosema walimu wa zamani walikuwa malaika
hawakukaa dawati la mbele.

Mwaka ule mama hakuinuka kitandani.
Tangu korosho zilipoanza kudondoka hadi zilipokwisha
nilikuwa mimi wa kuchemsha maji, mimi wa kumgeuza.
Mtoro wakati ule aliitwa kwa mtendaji,
yeye na baba yake,
na baba yangu alikuwa na faini ya zamani.
Kila baiskeli niliyoisikia njiani
niliidhani ya mtendaji.
Hakuja.
Jioni moja tu alikuja mwalimu,
akasimama mlangoni, akamtazama mama kwa muda,
akaniwekea kipande cha chaki kiganjani.
"Saba mara nane?"
"Hamsini na sita."
Akaondoka, akikohoa hadi kwenye mikorosho.

Miaka arobaini na ushei nimedhani walinisahau.

Mwalimu mkuu wa leo, kijana, akapuliza vumbi.
Mchwa wamekula kingo, wameyaacha majina.
Kuzaliwa kwangu: tarehe moja Julai.
Pazi: tarehe moja Julai. Sikudhani: tarehe moja Julai.
Sote sabini na watatu tulishuka duniani siku moja,
mkunga wetu kalamu ya Mwalimu Namsifu.

Nikacheka. Kisha nikafungua mahudhurio.
Oktoba: vema, vema, vema.
Novemba: vema.
Mstari wangu, jina langu, siku ambazo nilikuwa
nakamua kitambaa juu ya paji la uso wa mama:
vema, wino wa bluu, mkono haukutetemeka.
Na siku ya mazishi,
siku ambayo yeye mwenyewe alikuwepo,
kanga nyeusi, nyuma kabisa ya wanawake,
siku hiyo pia:
vema.

Kijana akaniuliza kama nimepata nilichofuata.
Mwaka, humo daftarini, ni sitini na saba.
Sasa nimezaliwa mara tatu.